Neno Tulilokatazwa Kwenye Winchi

Tangu nistaafu, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza kama mgongo umepona. Mgongo haujapona, umepata tu nafasi ya kulalamika bila kukatizwa. Candia, ambaye sasa ndiye mkuu wa gereji yetu hapa Arua, ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki jinsi kazi ya kunasua magari ilivyokuwa, kabla sijaanza kusahau au, mbaya zaidi, kutia chumvi. Nimekubali kwa shingo upande. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mkono uliozoea kushika kitu kizito haujui la kufanya na kalamu.

Nilitoka kwetu Awindiri asubuhi ya siku ya kwanza nikiwa na miwani yangu ya kuchomelea na majivuno kidogo, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kazi na niliipenda. Gereji ilikuwa ya Hajji Rajabu, Mnubi wa Koboko, mtoto wa dereva wa jeshi. Barabara ya kwenda Koboko siku hizo ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ilikuwa uji. Malori ya kwenda Sudan na Kongo yalizama mpaka tumboni, na madereva walilala juu ya mizigo wakisubiri gari la Hajji lenye winchi. Hajji hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitazama, akaingia stoo, akatoka na jembe.

"Mimi nakuja kuchomelea, Hajji," nilimwambia.

"Iko vizuri. Ile chuma ya kuchomelea iko chini ya tope. Chimba kwanza."

Nikachimba. Nilichimba karibu msimu mzima kabla sijaruhusiwa kugusa winchi, na nilimchukia kwa dhati, lakini leo nawaambia kwamba hakuna somo lililonifaa kuliko lile. Watu wakiona winchi wanasahau jembe. Gari lililozama halijashikiliwa na uzito wake tu, limeshikiliwa na tope lililonyonya magurudumu, na ukilivuta bila kulifungulia njia utang'oa ekseli na kumrudishia mwenyewe gari vipande viwili. Toa tope mbele ya kila gurudumu. Toa tope chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Tandika matawi au mbao. Halafu ndipo ufikirie kuvuta. Nimeona magari mengi yakitoka kwa jembe peke yake, na winchi ikirudi nyumbani safi.

Wateja walichukua muda kunizoea. Lori la samaki lilinasa njia ya Inde, nami nilikuwa chini yake natafuta mahali pa kufunga, miguu tu ikionekana. Nikamsikia dereva akimwuliza Hajji, "Fundi iko wapi?" Hajji akamjibu, "Hiyo miguu unaona hapo, ndiyo fundi." Dereva akasema hiyo ni miguu ya mwanamke. Hajji akamwambia kama anataka miguu ya mwanaume aingie chini mwenyewe, tope iko nyingi, inatosha wote. Tangu siku hiyo chuki yangu ya jembe ilipungua.

Sasa niwaeleze habari ya neno, maana najua wengine wenu mnalifuata katazo hilo bila kujua lilikotoka.

Hajji alikuwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kulia. Viwili vya mwisho vilikatwa na waya wa winchi akiwa kijana, upande wa Kongo, walipokuwa wakivuta lori la kahawa kutoka mtaroni. Yeye alikuwa anauelekeza waya ujiviringe vizuri kwenye ngoma ya winchi. Aliyesimama mbele aliona waya unapandana, akapiga kelele, "Acha!" Alitaka winchi isimame. Aliyekuwa kwenye winchi alielewa aachilie. Akaachilia. Lori likarudi mtaroni, waya ukakimbia, na vidole vya Hajji vikaenda nao.

Katika Kiswahili cha vitabuni, acha ni acha na achia ni achia, na mwalimu atakukata alama ukichanganya. Kwetu huku kila mtu amekiokota Kiswahili mahali pake: Mnubi kambini, Mlugbara sokoni, Mkakwa mpakani, Mkongo amekuja nacho kutoka kwao kikiwa na sura nyingine kabisa. Maneno hayo mawili yamekutana njiani yakawa moja. Mmoja akisema "acha" anataka usimame, mwenzake akisema "acha" anataka ulegeze, na wote wawili wako sahihi, na ni hatari tupu wakiwa kwenye waya mmoja. Hajji hakuwalaumu wale wawili. Alililaumu neno. Alilifukuza kwenye gereji yake kama unavyofukuza mbwa aliyeuma mtu.

Tulibaki na maneno matatu. Vuta. Simama. Legeza. Anayeyasema ni mmoja tu, yule anayesimama mahali anapoliona gari na winchi kwa pamoja, na hata yeye anatumia mkono zaidi kuliko mdomo, kwa sababu injini zinanguruma. Mkono juu, kidole kikizunguka: vuta. Ngumi: simama. Kiganja kikishuka: legeza. Mtu mwingine yeyote akisema "acha," aliye kwenye winchi hasimami na halegezi. Anafanya kama hakuna aliyesema kitu, anatazama mkono. Na aliyelitamka anaosha minyororo ya watu wote mwisho wa kazi. Candia aliosha minyororo mingi sana mwaka wake wa kwanza. Mkewe alinilalamikia baadaye kwamba hata nyumbani mumewe hawezi tena kuwaambia watoto waache kitu, anawaambia "Simama!" na watoto wanasimama wima wameshika kile kile alichowakataza.

Ishara hizo tulizijifunza kwa kuutazama mkono wa Hajji, na mkono wa Hajji ulikuwa na vidole vitatu. Kwa hiyo sote, wenye vidole vyote, tunaongoza magari tukiwa tumekunja viwili vya mwisho. Hakuna aliyetuagiza. Tuliiga tu, na tulipogundua tulikuwa tumeshazoea. Ukimwona mtu popote kati ya Arua na mpakani anaongoza lori kwa mkono wa namna hiyo, msalimie, alipita kwetu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na tulivijua tabia. Waya wa chuma ulikuwa na miiba midogo iliyochana glavu, na ukikatika ukiwa umekazwa unapiga kama nyoka, basi Hajji alitundika katikati yake koti zito la jeshi la marehemu baba yake ili ukikatika uanguke chini. Tulikuwa na kapi mbili, magurudumu madogo ya kupitishia waya. Kapi moja ukiifunga mahali pazuri inakuongezea nguvu ya winchi karibu mara mbili, ingawa gari litakuja polepole na watazamaji watasema mmelala. Pasipo na mti wa kufungia, tulizika tairi la akiba. Unachimba shimo refu, unalilaza tairi ndani likiwa na mnyororo, unafukia na kushindilia, halafu unavuta kutoka hapo. Tuliita "kumzika spea." Wapita njia walipotuuliza tunafanya nini kandokando ya barabara na majembe na nyuso za huzuni, Candia aliwaambia ukweli, na hawakumwamini.

Kisha lami ikaja. Niliifurahia kama kila mtu, na kama kila mtu wa gereji yetu nilijiuliza tutakula nini. Malori yalianza kufika Koboko bila kutuhitaji. Hajji alikaa kwenye kiti mbele ya gereji akiitazama barabara nyeusi kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

Waliotuokoa ni watu ambao mwanzoni niliwaona wamerukwa na akili. Walikuwa wafanyakazi na wafanyabiashara wa Arua na Koboko waliokuwa na magari ya kuvuta magurudumu yote manne, na Jumamosi, badala ya kulala, waliyapeleka kwenye tope kwa hiari yao. Kiongozi wao alikuwa Poni, Mkakwa, muuguzi wa zahanati moja Koboko. Alifika kwetu siku moja na gari lake kuukuu la diseli, akaniambia, "Mama Ayikoru, mimi nataka bampa. Lakini si bampa ya picha. Nataka ile inaweza vuta lori."

Nilimpenda papo hapo. Wengine wote waliowahi kuniletea kazi ya bampa walitaka mabomba ya kung'aa na mahali pa taa. Poni alilala chini ya gari pamoja nami, akaniuliza nguvu ya winchi itapita wapi. Nikamwonyesha: isipite kwenye karatasi ya bati, ipite kwenye chesisi. Nilimkatia vyuma vinene, nikavifunga kwa bolti mpaka ndani ya chesisi, nikamchomelea pete mbili mbele na mbili nyuma, na kile kitunguu, yaani tufe la chuma la kufungia trela, nilimwambia asikitumie kamwe kuvutia gari, hata akiombwa na nani, maana kinakatika na kuruka kama risasi. Tulimwekea na mkonga, ule mrija unaopanda pembeni ya kioo ili injini ivute hewa juu ya maji. Alirudi wiki iliyofuata, si kuonyesha watu bampa, bali kuniuliza kama chomeleo langu lina ufa baada ya kazi. Halikuwa na ufa, lakini niliheshimu swali.

Ndiye aliyetuletea kamba laini. Winchi yake haikuwa na waya wa chuma, ilikuwa na kamba ya nyuzi, nyepesi, ya rangi ya chungwa. Hajji aliishika akaipapasa kama anachagua kitambaa cha kanzu.

"Hii ni ya kufunga mbuzi," akasema.

"Hajji, funga lori yako," Poni akamjibu kwa adabu zote.

Likafungwa lori, Poni akalivuta, na kamba ile haikulalamika hata kidogo. Hajji alitaka tu kujua inakufa kwa kitu gani. Poni akamwambia: mchanga ukiingia ndani ya nyuzi, jua kali, na kona yenye makali. Alikuwa anaiosha kwenye beseni kila baada ya kazi na kuianika kivulini. Nilimwona mzee wangu, aliyefanya kazi hii tangu hatujazaliwa, akitikisa kichwa kwa furaha ya mwanafunzi. "Huyu iko na heshima ya kamba," aliniambia jioni ile. Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu zaidi ya hapo.

Basi Jumamosi zikawa zetu pia. Walituchukua tuwafundishe kusoma tope, nasi tukajifunza kwao mambo ya mikanda mipana isiyochuna mti, ya pete za kamba zisizoua mtu zikikatika, ya kupunguza upepo kwenye tairi kabla ya kuingia mchangani. Walikubali sheria ya maneno matatu bila ubishi. Baada ya miezi michache niliona wote, daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa, Poni mwenyewe, wameanza kukunja vidole viwili.

Ilikuwa Jumamosi ya aina hiyo, msimu wa mvua, saa za mchana, tulipokuwa na magari yetu njia ya tope nje ya Koboko kuelekea mpakani. Tulikuta lori la Papa Kambale, Mkongo anayefanya biashara ya maharage na aliyehamia Koboko zamani. Lilikuwa limeteleza kando ya kalvati, ule mfereji wa zege unaopitisha kijito chini ya njia, magurudumu ya upande mmoja yameshuka kwenye ukingo wa kijito, bodi limeinama upande wa maji. Halikuwa limeanguka. Lilikuwa linawaza.

Hajji alilizunguka kwa mbali, akasema mtu yeyote asiende upande wa chini. Sote tulisikia. Papa Kambale naye alisikia, lakini magunia yalikuwa yameanza kuchomoka kwa upande ule, na mtu akiona mali yake inaingia majini masikio yanaziba. Akateremka. Hajji akamfuata akimwita, akamfikia, akamsukuma kwa mikono yote miwili kuelekea mbele, na ukingo ukakatika chini ya lori.

Halikubingirika. Lilishuka kidogo tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anapokaa kitini. Kambale alikuwa ameanguka majini salama. Hajji alikuwa amelala chali, na ubavu wa bodi ulikuwa juu ya mguu wake wa kushoto, chini ya goti, na chini ya mguu kulikuwa na zege la kalvati.

Nieleze vizuri, ili mwelewe kwa nini tulifanya tulivyofanya. Jembe halikufaa, kwa sababu huwezi kuchimba zege. Jeki haikufaa, kwa sababu mahali pote pengine palikuwa tope na ingezama kabla ya kuinua. Kushusha magunia kulimaanisha watu kupanda kwenye lori na kulitikisa. Ilibaki kulivuta kwa upande wa juu, lisimame kidogo tu, mguu utoke. Na lilikuwa halina ruhusa ya kurudi. Likirudi hata kwa upana wa kiganja, mguu umekwisha, na kama ukingo ungekatika tena, si mguu peke yake.

Poni alikuwa ameshaingia majini kwa Hajji. Alifunga mguu juu ya goti, akamshika mkono wake, akaniita. "Mama, damu naweza shika. Lakini hatuna siku nzima."

"Nani anakaa na yeye?"

"Mimi. Mutoto wa dawa aendeshe gari yangu." Alimaanisha yule mwenye duka la dawa, mtu mzima mwenye mvi, ambaye alikimbia kama kweli ni mtoto.

Tulifunga mkanda mpana kwenye mti mkubwa ng'ambo ya njia, kapi juu yake, na waya wa winchi yetu tukaupitisha hapo mpaka kwenye chesisi ya lori. Candia akakaa kwenye winchi. Kamba ya Poni tuliifunga kwa pembe nyingine, kazi yake ikiwa si kuvuta bali kukaza kila tunachokipata, lori lisirudi. Nilikagua kila fundo kwa mkono wangu. Nikarudia. Halafu nikaenda kusimama mahali ambapo, miaka yote, alisimama Hajji, kwa sababu aliyestahili kusimama hapo alikuwa chini ya lori.

Nikawaambia watu waliokwisha kujaa pale, "Hakuna mutu anasema kitu. Hata jina ya Mungu, semeni ndani ya roho." Wakanyamaza. Nikainua mkono.

Candia akavuta. Waya ukakazika, kapi ikalia, lori likakohoa tope. Lilianza kuinuka, kidogo, kidogo, na kamba ya Poni ikafuata ikikaza. Lakini halikuinuka moja kwa moja juu. Kabla ya kuuachia mguu, bodi liliukwaruza, na Hajji akapiga kelele ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine.

"Acha! Acha, binti! Acha!"

Jamani. Ni yeye. Mwenye neno lake. Candia aligeuza uso kunitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba nimpe kitu chochote isipokuwa ile ishara niliyokuwa nimeishika hewani. Nilijiuliza Hajji anataka nini. Anataka tusimame? Tukisimama, bodi limeegemea mfupa wake na ukingo unaendelea kumomonyoka. Anataka tulegeze? Tukilegeza, linamrudia. Na nikaelewa kwamba hata yeye hajui anataka lipi, ni maumivu yanayosema, na maumivu hayaoni winchi kutoka pale yalipo. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu aliyenizaa. Kidole changu kiliendelea kuzunguka.

Ndipo Papa Kambale akanirukia. Maskini, alikuwa analia. "Mama, muzee anasema acha! Haumusikie? Achia ye!" Akaning'inia kwenye mkono wangu ulioinuliwa. Nanyi mnajua kiganja kikishuka maana yake nini. Nimebeba mitungi ya gesi miaka mingi, na siku hiyo niliushukuru kila mmoja. Mkono haukushuka. Nilipaza sauti mpaka koo likachanika: "Vuta! Candia, vuta!"

Candia akavuta akiwa amefumba macho, kisha akayafumbua kwa sababu lazima aone mkono. Lori likapanda tena kidogo. Poni, ndani ya maji, akamshika Hajji makwapani, akamvuta kwa nguvu zake zote, akaanguka naye chali, na wote wawili walikuwa upande mwingine wa kalvati. Akainua mkono wake wenye tope. Nikafunga ngumi. Simama. Baadaye, watu wote walipokuwa mbali, nikashusha kiganja, na lori likarudi taratibu, likakaa, kisha ukingo ukashuka wote na lori likaingia majini kwa ubavu, pamoja na maharage.

Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili na ngozi imechunika vibaya, lakini madaktari wa Arua waliuokoa. Nilipomtembelea, Hajji alikuwa amegeukia ukutani. Nilikaa.

"Binti," akasema. "Kule chini. Mimi nasema ile neno?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimheshimu mno. "Ulisema, Hajji."

"Na wewe?"

"Mimi nasikia. Nikavuta."

Hakugeuka. Niliona tu bega lake linatikisika, na sikujua kama analia au anacheka, nami nilikuwa nalia tayari kwa hiyo sikuwa shahidi mzuri. Akasema polepole, "Watu wote iko nasema wewe na roho ngumu. Mimi nawaambia, hapana. Roho ngumu ni ile inalegeza." Papa Kambale alikuja kila siku na chakula mpaka manesi wakamzoea. Poni alikuja kukagua kidonda, na alikagua kama alivyokagua chomeleo langu, bila haya na bila haraka.

Watu huniuliza ni nini nilichokipenda katika kazi hii. Nawajibu watu wake. Nimefanya kazi na mtu aliyeingia chini ya lori kumtoa mwenzake, na muuguzi aliyekaa majini chini ya mzigo ambao ungeweza kumwangukia, na kijana kichwa ngumu aliyevuta huku mwalimu wake akimlilia asivute. Sikuona wengi wa namna hiyo mahali pengine, na nimeenda mahali pengi kwa sababu ya matope.

Hajji alirudi gereji akiwa na fimbo na mguu mfupi kidogo. Kazi ya kwanza ilikuwa trela la mbao lililozama karibu na Inde, kazi ya kawaida, hakuna aliyeumia. Tulichimba, tukafunga, tukaweka kapi. Kisha sote tukasogea pembeni tukampisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwenye mkono wa kuongoza, na mguu si mkono. Alipita mbele yangu. Akaenda mpaka kwenye winchi, akamgusa Candia begani. "Toka," akamwambia. Candia akatoka. Hajji akapanda kwa shida, akaweka fimbo yake chini, akashika kishikio cha winchi, halafu akainua uso, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akasubiri kama mwanafunzi yeyote.

Nikainua mkono. Hajji akavuta.